Mota ya Umeme na Kichwa cha Kambale

Mlituona wenyewe tukishuka kwenye lori pale Pasua. Mimi nilikuwa na ndoo mkononi, na baba yangu mdogo, Elisaria, alikuwa amevaa koti la suti, tai iliyonyooka, na kuanzia kiunoni kwenda chini, kanga ya kike. Mlicheka mpaka mkasahau kutupokea mizigo. Tangu siku hiyo kila nikija kwenye kikao chetu mnaniambia nisome sura mpya ya riwaya, lakini macho yenu yanauliza habari za kanga. Basi riwaya ingoje. Nitawaandikia safari ya bwawani kama ilivyokuwa.

Mjue kwanza kilichotupeleka. Baba Mdogo amefiwa na mke siku nyingi, na pale Soweto, mtaa wetu wa Moshi, ana kibanda cha kuchaji betri za gari, zile ambazo watu wa milimani hushuka nazo kichwani tangu televisheni zilipoingia na umeme ukakataa kuzifuata. Mama Happy ni mjane anayeuza samaki wakavu Pasua. Betri yake ya redio ililetwa kuchajiwa mara nyingi kuliko ya mteja yeyote, na mimi niliyekuwa nikishinda pale kibandani, nikiandika nyuma ya pazia, niliona mara nyingi inaletwa ikiwa imejaa.

Baba Mdogo alipojikaza na kusema lililo moyoni, Mama Happy hakukataa wala kukubali.

"Mzee wangu," alimwambia, "mimi kazi yangu ni samaki, chakula changu ni samaki, na mwanangu amesomeshwa na samaki. Wewe nikikupitia na kapu unatazama pembeni. Sitaki mwanamume wa kunivumilia. Nenda bwawani kwa kaka yangu Magesa. Vua samaki wako mwenyewe, umle mbele yangu, ummalize. Ukimmaliza, tuna mazungumzo. Ukishindwa, tubaki na biashara ya betri. Na uje na huyu binti awe shahidi."

Nanyi mnajua sisi watu wa migombani. Kwa mama zetu samaki si chakula, ni nyoka aliyekimbilia majini. Baba Mdogo amefikisha miaka hamsini na kitu bila kumweka hata mmoja mdomoni. Na shahidi aliyechaguliwa kusema kweli ni mtu anayeishi kwa kutunga.

Mferejini

Safari ilianzia Old Moshi, kwenye kihamba cha Bibi, shamba lake la migomba na kahawa, kwa sababu Baba Mdogo alitaka kuijaribu mota yake kwenye maji yanayotembea, na Soweto maji ya namna hiyo ni ya bomba lililopasuka tu.

Mota yenyewe ni ya umeme, ya kusukumia boti la kuvulia. Ni mhimili mrefu wa chuma: juu una mkono wa kushikia kama wa pikipiki, chini una mapanga mawili madogo yanayozunguka. Unaibana kwenye ukingo wa chombo, unaiunganisha na betri ya gari, nayo inakusogeza polepole bila kelele huku ndoana yako ikiburutwa nyuma. Aliiokota Bomang'ombe, kwenye lundo la vitu vilivyochoka Ulaya ambavyo siku hizi, baada ya milango ya biashara kufunguliwa, vinatumiminikia: friji zisizogandisha, viatu vya kuteleza kwenye barafu, na hii. Muuzaji alimwapia kwamba ni ya kufyekea majani. Baba Mdogo aliitambua, maana aliwahi kuiona kwenye kitabu. Hajui kupiga kasia, hajui kuogelea, lakini umeme anaujua, na alitaka afike kwa shemeji mtarajiwa akiwa fundi, si mgeni wa kubebwa.

Aliitumbukiza kwenye mfereji. Asubuhi ile zamu ya maji ilikuwa ya jirani, ambaye alikuwa chini huko akingojea kumwagilia kahawa yake. Mota ikanguruma kidogo kama paka anayekunwa shingo. Baada ya muda jirani akapanda na jembe begani.

"Elisaria! Maji yangu unayapeleka wapi?"

"Yanakuja kwako, mzee."

"Yanapanda mlima! Nimeishi hapa tangu nizaliwe, sijaona mfereji unarudi ulikotoka!"

Tukaizima. Bibi alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi, na alikuwa na lake.

"Yule mama namtaka," alimwambia mwanawe. "Ana mikono ya kazi na anajua kusalimia. Yule nyoka wake ndiye simtaki. Hamwezi kuwatenganisha?"

"Ameshasema hawatenganishwi, mama."

Bibi akaugua, akaingia ndani, akatoka na ndoo ya kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa vikawa kitu kimoja kizito chenye kukaa tumboni mpaka kesho. "Ukishindwa kumla, utakula hiki. Ukiweza kumla, utakula hiki pia, utoe ladha."

Tuliteremka na toroli, mota ikiwa imefunikwa majani ya mgomba kama mgonjwa, Baba Mdogo akikimbia mbele ya gurudumu kwa suti ya kijivu aliyoivaa, alisema, kwa sababu haendi kuvua, anakwenda kuposa.

Pasua hadi Himo

Magari ya samaki huondoka Pasua matupu na kurudi yamejaa, kwa hiyo yakienda hubeba watu. Letu lilikuwa fuso lenye harufu iliyotutangulia. Baba Mdogo alipanda akishika pumzi, na nilimwona akihesabu moyoni kama mtoto anayejifunza kuzamia.

Utingo aliinua jani la mgomba. "Feni hii ya nani?"

"Si feni. Ni mota ya boti," alisema Baba Mdogo.

"Ina mapanga, inazunguka, ni feni. Feni haikai juu ya magunia. Na betri ipite chini."

"Betri siipeleki chini. Betri ni kama yai." Akaipakata. Kuanzia hapo alisafiri ameikumbatia mapajani, juu ya suti.

Tulitarajia kupita Himo bila kusimama. Tulisimama mpaka vivuli vikahama upande, kwa sababu dereva alikuwa ameagiza mtori, na mtori wenyewe ndizi zake zilikuwa bado zinamenywa. Watu wa sokoni wakatuzunguka. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu aliitazama mota kwa macho ya mapenzi, akazungusha mapanga kwa kidole, akamvuta Baba Mdogo kando.

"Kijana, niuzie."

"Shikamoo mzee. Siuzi."

"Marahaba. Hujaniuliza ya nini. Mimi napika pombe ya mbege. Kukoroga ulezi na maji ya ndizi kumenimaliza mabega. Hii nikiitia kwenye pipa, nakaa kitini, inakoroga yenyewe. Niuzie."

"Siwezi, mzee. Hii ni ya ndoa."

Alisema kwa sauti kuliko alivyokusudia. Lori zima likageuza shingo, lote likataka kujua. Baba Mdogo ni mtu mkweli na mwoga, na watu wa namna hiyo hueleza mambo mpaka mwisho. Alipomaliza, kila abiria alikuwa na ushauri.

"Usimtazame usoni," alisema mama mmoja aliyebeba gunia la magadi.

"Mmeze kama dawa, unywe maji."

"Anza na mkia, taratibu. Kichwa muachie paka."

"Kwani lazima samaki?" aliuliza mzee wa mbege, ambaye alikuwa amepanda gurudumu ili asikie vizuri. "Mpelekee huyo mwanamke mbuzi. Mbuzi hajawahi kukataliwa."

"Ametaka samaki, mzee."

"Basi huyo anakupenda," alisema mzee kwa huzuni. "Asiyekupenda hataki usumbufu wote huo." Akashuka, akaipungia mota mkono.

Vumbini

Baada ya Himo barabara inaupa mlima mgongo. Migomba ilikatika ghafla kama mtu aliyenyang'anywa neno mdomoni, na mahali pake pakaja miiba, ardhi nyekundu, kisha nyeupe, na upepo wa moto unaokuja kifuani kama mbuzi dume. Sisi tuliozaliwa kwenye kivuli huwa tunasahau kwamba nchi yetu ina jua. Nilifungua ndoo ya Bibi tukala kiburu, na mama wa magadi akala nasi, akasifu mkono uliokipika.

Tulipoiacha lami baada ya Mwanga, lori likaanza kuruka. Baba Mdogo akaikumbatia betri zaidi. Kwenye korongo moja sote tulipanda hewani tukashuka mahali pengine, na nikamwona anakunja uso.

"Imemwagika," alisema kwa utulivu wa kutisha. "Tindikali."

"Wapi?"

"Pale pale."

Fundi wa betri huenda asijue dawa ya mambo mengine, lakini ya tindikali anaijua. "Magadi! Mama, tafadhali, magadi!"

Mama wa watu hakuuliza. Alitumbukiza mkono guniani akammwagia konzi mbili mapajani, nami nikamalizia kwa maji ya kunywa. Suruali ikaanza kutoa povu. Povu lilifura jeupe, likichemka kwa sauti, na Baba Mdogo ameketi katikati yake na tai yake kama mtu anayepikwa kwa heshima. Abiria mmoja aliomba sala. Povu likatulia, ngozi ilikuwa salama, na suruali ilionekana salama pia, isipokuwa rangi yake ilikuwa imeanza kufikiria jambo.

Bwawa lilijitokeza jua likiwa linainama. Lilikuwa limelala bondeni, refu, la rangi ya bati jipya, na miti mikavu imesimama ndani ya maji tangu siku walipolifungia mto. Baba Mdogo aliteremka akalitazama kwa muda.

"Ni maji mengi," alisema.

Mama Happy, ambaye alitangulia siku moja kununua mzigo, alikuwa ufukweni, kwenye kambi ya wavuvi, na kaka yake. Alimtazama mchumba wake kuanzia tai hadi viatu. "Umekuja," alisema, na nilivyosikia mimi, sauti yake ilishtuka kidogo kwa furaha. Magesa yeye aliitazama mota.

Majini

Magesa ni mtu wa Ukerewe, mpana, mwenye maneno machache yaliyonolewa. Alikulia ziwani akahamia bwawani, na anazungumza na maji kuliko na watu. Asubuhi alitupeleka kwenye mtumbwi wake wa mbao. Hapo tukapata tatizo la kwanza. Boti za Ulaya zina kisigino bapa cha kubania mota, na mtumbwi wa Magesa umechongoka mbele na nyuma. Baba Mdogo akaibana ubavuni.

Mimi niliketi katikati na betri miguuni. Magesa aliketi mbele akiangalia bwawani, kasia mapajani, mgongo wake ukisema yote. Baba Mdogo aliunganisha waya. Macho yake hayakuwa kwenye waya, kwa sababu Mama Happy alikuwa amesimama ufukweni na mkono kiunoni. Mtu aliyeunganisha betri maisha yake yote akaweka nyekundu penye nyeusi.

Tukaondoka vizuri sana, kinyumenyume. Mtumbwi ulirudi ufukweni, ukapanda mchanga, ukasukuma beseni la mwanamke aliyekuwa akiosha vyombo.

"Bwana Fundi," alisema Magesa bila kugeuka, "kambi tumeshaiona."

Nyaya zikabadilishwa. Safari hii tulikwenda mbele, lakini kwa kuwa msukumo ulikuwa upande mmoja, tulizunguka kama mbuzi aliyefungwa kambani, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka Baba Mdogo alipogundua kwamba akiukunja ule mkono kabisa na Magesa akiweka kasia upande wa pili, mtumbwi unanyooka. Wakakunja, wakaweka. Na hapo, wenzangu, kitu kikatokea ambacho sijui kukifanyia mzaha.

Kelele ziliisha. Hakukuwa na mlio wa injini wala wa kasia, tulikuwa tunakwenda tu. Maji yalifunguka mbele na kujifunga nyuma, ndege walikaa kwenye miti mikavu wasiruke tulipowapitia, na mshipi wa ndoana ya Baba Mdogo ulikata mstari mwembamba juu ya bwawa kama mtu anayekata kitambaa cha hariri. Kaskazini, juu ya ukungu, mlima wetu ulikuwa umechomoza kichwa cheupe kama bibi anayechungulia dirishani kuona tumetoka na nani.

Magesa aligeuka kwa mara ya kwanza, akaitazama mota. Halafu akasema, "Inakwenda kama wazo." Ni sentensi ambayo ningetoa jino kuiandika, na yeye aliisema akikuna shingo.

Ndipo mshipi ukavutwa.

Baba Mdogo alisimama. Kwenye mtumbwi hakusimamwi, lakini hilo hakuna aliyemwambia, na hata angeambiwa asingesikia. Alivuta kwa mikono miwili, akiomba kwa Kichagga, na kutoka majini akaja kambale mrefu kama mkono wangu, mweusi, anateleza, akaangukia katikati yetu na kutoa sauti ya kukoroma.

"Ana sharubu!" alipiga kelele Baba Mdogo, akiruka juu ya ubao. "Analia! Ana sharubu na analia!"

"Mbona na wewe unazo, na unalia," alisema Magesa, akimlaza kambale kwa kasia.

Mruko ule ndio uliomaliza kazi ya tindikali. Suruali ilikuwa imelowa maji ya mtumbwini, na kitambaa kilichokuwa kikifikiria tangu jana kikaamua. Haikuchanika, ilijiachia tu. Iliteremka vipande vipande kama karatasi iliyonyeshewa, mpaka ikabaki mikunjo miwili miguuni na kaptula ya ndani yenye maua ambayo sitaieleza zaidi, kwa heshima ya ukoo.

Magesa alicheka mpaka kasia likamponyoka. Tulipolikamata, betri, iliyopoteza maji yake njiani, ilikuwa imekwisha, na upepo wa mchana umeanza. Wanaume wakarudi kwa kupokezana kasia moja, mimi nikikumba maji kwa kifuniko cha ndoo. Baba Mdogo alipiga kasia vibaya, kwa bidii, mpaka viganja vikachubuka, na hakuomba kupumzika. Niliona Magesa ameliona hilo.

Ufukweni Mama Happy alitazama kaptula, akatazama kambale, akavua kanga ya begani akamrushia mwenye kaptula.

Sinia

Mke wa Magesa alimpika kambale mzima mzima, na nyanya, na ugali pembeni. Tukaketi kwenye mkeka. Huu ndio wakati wote tuliousafiria, na Baba Mdogo alikuwa na jasho. Lakini kabla ya mtu kunyoosha mkono aliomba kisu.

"Samaki ni wangu," alisema. "Naomba nigawe."

Kwetu nyama hailiwi hivi hivi, inagawiwa. Mbuzi akichinjwa, kila kipande kina mwenyewe, na kipande unachopewa ndicho kinachokuambia wewe ni nani kwa huyo anayekupa. Baba Mdogo alimgawa kambale kwa sheria za mbuzi. Kifua akampa Magesa, mkubwa wa pale. Sehemu ya nyuma, ambayo katika ukoo wetu hupewa mama mwenye nyumba na hakuna mwingine anayethubutu kuigusa, akampa Mama Happy. Kichwa akakisukuma pembeni ya sinia, maana kwetu kichwa hapewi mgeni wa heshima, ni cha wachinjaji, wanakila nyuma ya nyumba na hakuna anayewauliza.

Mama Happy aliutazama mkia kwenye sahani yake. Mifupa mitupu.

"Mkia," alisema.

"Wako," alisema Baba Mdogo, kwa sauti ya mtu aliyetoa pete.

Aliusukuma kwa ncha ya kidole. Magesa naye, kama kumfundisha mgeni adabu, alikichukua kichwa kwa mikono miwili, sharubu zote zikining'inia, akakiweka kwenye sahani ya Baba Mdogo.

Nilimwona Baba Mdogo akipauka. Alikitazama kichwa, kichwa kikamtazama. Alifuta vidole polepole.

"Nimeelewa," alisema. "Ahsanteni kwa ukarimu. Ningeomba tu nisindikizwe mpaka penye lori." Akaanza kuinuka, akishikilia kanga.

"Na mimi nimeelewa," alisema Mama Happy, macho kwenye mkia. "Mtu ametoka Moshi yote hiyo kuja kunipa makombo."

Kazi ya shahidi ni kusema. "Baba Mdogo," nilidakia, "mwambie kwetu sehemu ya nyuma ni ya nani."

"Ya nini sasa? Nimeshapewa kichwa."

"Mwambie!"

"Ni ya mama mwenye nyumba," alisema, akiwa nusu amesimama. "Mwingine haigusi."

Mama Happy aliinua uso. "Kwa hiyo hapa umenipa nyumba?"

"Nimekupa."

"Kwa mkia wa kambale?"

"Ndiye mnyama niliyekuwa naye."

Magesa alipiga paja. "Na mimi nimempa kichwa! Kwetu kichwa ni cha baba mwenye kauli, mimi mwenyewe kwa baba yangu nilikingoja mpaka nikaota mvi. Nampa mtu kiti changu, naye anauliza lori!"

Baba Mdogo akaketi. Haikuwa tena rahisi, maana sasa heshima aliyopewa ilikuwa na macho mawili na ilibidi iliwe. Mama Happy alimsogelea, akamwonyesha kwa kidole pa kuanzia, nyama laini ya shavuni. Alimega, akafumba macho, akaingiza mdomoni.

"Mbona unafumba?" alisema Mama Happy. "Mwenzio kafumbua."

Akafumbua. Alitafuna akimtazama yeye badala ya sinia, na nadhani hiyo ndiyo njia pekee ambayo angeweza. Alikula shavu moja na la pili, akanyonya mifupa alivyoelekezwa, machozi yakimtoka ambayo alisema ni ya pilipili, na hapakuwa na pilipili. Mwishowe sahani ilibaki na vipande vyeupe vya mfupa, safi kama vigae.

"Shahidi?" aliuliza Mama Happy.

"Amemaliza," nilisema, na kwa mara moja maishani sikuongeza neno.

"Si mbaya," alisema Baba Mdogo, akipumua. "Anakosa ndizi tu."

Mama Happy aliinuka na birika na beseni. Pale kwao mkubwa wa nyumba ndiye hunawishwa kwanza, na Magesa alikuwa ameshanyoosha mikono yake yenye mchuzi. Dada yake akampita, akapiga magoti mbele ya Baba Mdogo, akamiminia maji kwenye vile viganja vilivyochubuka, polepole, kidole kwa kidole.

"We!" alisema Magesa, mikono bado hewani. "Na mimi?"

"Wewe unaye wa kukunawisha," alisema Mama Happy bila kugeuka.

Magesa alimtazama dada yake, akamtazama mkewe aliyekuwa anacheka mlangoni, kisha akamtazama mwenye kanga.

"Haya, shemeji," alisema. "Ukimaliza, nisogezee hilo birika."